Saundkadi ya Pesa ya Mathe

Swali linalojaa kwa inboksi yangu kila wiki ni moja: "Siz, niko na thao kumi, ninunue saundkadi gani?" Wengine wako na tano. Kuna mmoja alikuwa na thao tatu na mia mbili, nikamwambia ukweli, akaniblok. Basi leo wacha niwajibu nyote kwa mpigo. Lakini siwezi kujibu bila kuwaambia pesa ya saundkadi yangu ilitoka wapi, kwa sababu pesa yangu mwenyewe niliimwaga. Ya mathe ndiyo ilinifanya nikae chini nisome.

Kwa wageni hapa: saundkadi ni kile kiboksi kinachokaa kati ya maiki na laptopu. Kwa vitabu wanakiita kiolesura cha sauti, lakini ukienda Luthuli uulize kiolesura utaangaliwa kama mtu ameshuka kutoka mwezini. Uliza saundkadi, ama intafesi, utaelewana na kila mtu.

Wengi wenu mnajua nilitoka kampasi mwaka wa pili. Sikufukuzwa na sikufeli. Karo ilibaki, nikakosa kufanya mtihani semista moja, nikasema nitarudi ile ingine, na ile ingine ikapita nikiwa kwa keja ya binamu yangu Umoja, nikijifunza FL Studio kwa laptopu iliyong'oka herufi E. Mathe anauza mitumba Gikomba, blauzi za kina mama. Hajawahi kusema nimeacha shule. Anasema "amepumzika." Majirani wakiuliza, "huyu wangu amepumzika kidogo." Afadhali angenitusi, walahi.

Sasa, saundkadi ya kwanza. Mnakijua kile kiboksi. Kina taa za kubadilika rangi, kitufe cha makofi, kitufe cha kicheko, king'ora, na kimoja cha kukugeuza sauti iwe ya mtoto. Kinauzwa pamoja na maiki ya kondensa na stendi ya kubana mezani, na mimi nilitoa 3,500 kwa kila kitu. Muuzaji alibonyeza makofi, duka zima likacheka, na mimi nikacheka, nikatoa simu nikalipa. Sikuvaa hedifoni hata sekunde moja kusikiliza kitu chochote. Na nisikionee, kwa laivu za TikTok kiko sawa kabisa, ndiyo kazi yake. Mimi ndiye nilikipeleka mahali hakikuumbiwa.

Wiki ya tatu nikapata kazi. Mama mmoja wa keki alitaka tangazo la sekunde thelathini, sauti yangu na biti nyuma, alipe 4,000. Hiyo ingekuwa pesa yangu ya kwanza kubwa tangu nitoke shule. Nikarekodi usiku, nikasikiliza na hedifoni za simu, nikaona niko fiti. Asubuhi akanijibu: "Sauti ni nzuri lakini kuna kitu kama mvua huku nyuma."

Nikaweka sauti juu, nikasikia. Shhhhh. Mvua ya masika kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikajaribu kuiondoa na programu. Mvua ikapungua, lakini sauti yangu sasa ikawa ya mtu anaongea akiwa ndani ya ndoo. Nikamtumia hivyo hivyo. Akasema "asante mamii" na sikumsikia tena, hadi siku niliposikia tangazo lake likisomwa na msichana mwingine.

Jioni hiyo mathe alinikuta nimekaa tu. Akauliza, "Hiyo mashine yenyewe inafanya nini hasa?" Na manze, kujaribu kumweleza mathe ndiyo siku ya kwanza mimi mwenyewe nilielewa.

Nilimwambia hivi. Maiki ikisikia sauti inatoa umeme, lakini kidogo sana, hata taa ya tochi haiwezi kuwaka. Kazi ya kwanza ya kiboksi ni kuukuza ule umeme. Hiyo sehemu inaitwa preampu, na si kuukuza mara mbili tu. Desibeli 40 ni mara mia moja. Desibeli 60 ni mara elfu moja. Kazi ya pili ni kugeuza ule umeme kuwa nambari ambazo laptopu inaelewa. Kazi ya tatu ni kurudisha nambari ziwe sauti tena, upate kusikia kwa hedifoni. Basi. Hakuna ya nne. Makofi na king'ora ni mapambo. Sasa preampu ikiwa mbaya, inakuza sauti yako mara mia tano na kelele zake yenyewe inaziongeza hapo hapo, na zikishaingia hakuna mtu wa kuzitoa.

Mathe akafikiria kidogo. Akasema, "Ni kama mzigo. Kama haukuwa na kamera, hata upige pasi aje, haitakuwa kamera." Kama hujawahi kuzunguka Gikomba, kamera ni zile nguo za kwanza kabisa kutoka kwa mzigo ukifunguliwa, safi, kama mpya. Nimesoma maelezo mengi ya preampu tangu hiyo siku na sijapata moja lililonifaa kuliko hilo.

Hapa ndipo story inakuwa ngumu kidogo.

Mathe ako kwa chama na wamama wenzake wa laini yao. Zamu yake ilikuwa inakuja, sh. 20,000. Na hiyo pesa ilikuwa na jina tayari. Ilikuwa ya kupunguza lile deni la karo ndiyo nirudi. Nilijua. Hata hivyo nikamwomba 15,000.

Alikuwa anakunja blauzi. Akaendelea kukunja kama nne, tano hivi, bila kunena. Halafu akasema, "Ni mashine ama ni karo. Vyote siwezi. Wewe ndiye unajua." Sikujibu vizuri, nilisema tu nitarudisha. Siku ya tatu simu ikalia, ujumbe wa M-Pesa, 15,000. Jioni alipofika nyumbani kitu pekee aliuliza ni, "Utachukua ile haina mvua?"

Sikununua kitu kwa wiki mbili. Nilikuwa na pesa kwa simu na nilikuwa naogopa. Nikasoma, nikatazama vidio usiku kwa bando za mia, nikaandika kwa daftari ileile ya shule yenye nusu ya noti za takwimu. Na nilichogundua ni kwamba karibu kila kitu wanachoandika kwa boksi kwa herufi kubwa, wewe na mimi kwa bedsita hatukihitaji.

Chukua ile 192 kHz. Inakaa nambari tamu, si ndio? Maana yake ni mara ngapi kwa sekunde kiboksi kinapima sauti. Sidii za muziki zilitengenezwa kwa 44.1 na vidio inatumia 48. Sikio la binadamu linaishia karibu 20 kHz, tena hiyo ni ukiwa mdogo na hujaharibiwa na spika za matatu, na 44.1 inatosha kubeba yote hayo. Ukirekodi kwa 192, faili inakuwa mara nne ya ile ya 48, na laptopu yako ya mkono wa tatu inaanza kupumua kama imepanda ngazi. Nambari ya maana ni ile nyingine, biti 24. Hiyo inakuruhusu kurekodi chini kidogo, bila kuogopa kwamba ukipaza sauti ghafla itapasuka, halafu unaipandisha baadaye bila kuongeza mvua ya kuonekana. Nikakata 192 kwa daftari.

Pili, idadi ya matundu. Mimi nilitaka ya maiki mbili, kwa sababu kichwani nilikuwa tayari nina studio na wasanii wamekaa kwa foleni. Binamu akaniuliza, "Uko na maiki ngapi?" Moja. "Na unarekodi watu wangapi mara moja?" Mmoja. Nikanyamaza. Kama nyinyi ni wawili na lazima muimbe pamoja kwa wakati mmoja, ama unafanya podikasti na rafiki, basi nunua ya maiki mbili, usinisikize mimi. Kama uko peke yako na unapanga sauti moja juu ya nyingine, tundu la pili la maiki utakuwa umelipia vumbi.

Lakini tundu la gitaa nililitaka. Kuna mzee mmoja jirani ya mathe anapiga gitaa la benga, mkono wake uko na kitu, na niliapa lazima nitamrekodi siku moja. Gitaa la umeme halitaki kuingia kwa tundu la kawaida, linasikika jembamba, limekufa. Linataka tundu lenye alama ya gitaa, ama limeandikwa INST. Angalia kama iko.

Tatu, na hii watu hawaongei sana, ni nguvu ya preampu. Kila mtu ameona ile Shure SM7B kwa podikasti za wazito, na kila mtu anaitaka. Ile maiki inataka karibu desibeli 60 ndiyo iongee vizuri. Ukiichomeka kwa saundkadi ya bei ya chini utazungusha kitufe hadi mwisho, na mwisho ndipo kelele huishi. Kwa hivyo saundkadi na maiki ni uamuzi mmoja. Kondensa haihitaji kukuzwa sana lakini inataka umeme wa volti 48 kutoka kwa saundkadi, ndiyo kile kitufe kimeandikwa 48V. Kama kiboksi hakina 48V ya ukweli, kondensa yako inakula makombo. Weka hiyo akilini, nitarudi hapo.

Nne, kuchelewa. Unaimba, unajisikia kwa hedifoni nyuma kidogo, unapoteza mdundo, unaanza kudhani hujui kuimba. Laptopu inachukua sauti kwa mafungu, na ukubwa wa fungu ndio unaamua. Fungu la sampuli 256 kwa 48 kHz ni kama milisekunde tano. Fungu la 1024 ni 21, na hiyo ni kuingia tu, bado kutoka. Kwa Windows unataka saundkadi yenye draiva yake ya ASIO. Baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hazina yake, unatumia ASIO4ALL ya bure, na inaweza kufanya kazi, lakini ni kuomba Mungu. Mac haina hiyo shida. Na hata ukiwa na laptopu mzee kama yangu, kuna kitufe kinaitwa Direct Monitor kinachokupa sauti yako moja kwa moja kabla haijaingia laptopu. Hicho kitufe kiliokoa maisha yangu. Saundkadi bila hicho sinunui.

Baada ya hapo majina yalibaki machache. Scarlett Solo ya Focusrite: maiki moja, gitaa moja. Behringer UMC22: hivyo hivyo, bei ya chini, inaishia 48 kHz, na sasa unajua kwamba hiyo si tusi. UMC202HD, ndugu yake, iko na maiki mbili. M-Audio M-Track Solo kwa mwenye bajeti imekaza. Audient EVO 4 ikiwa uko na doo kidogo zaidi, ile inajipimia nguvu ya maiki yenyewe, na kwa mtu hajui kupima hiyo ni raha. Zozote kati ya hizi zinaweza kutoa wimbo wa redio. Mtu akikuambia saundkadi fulani ndiyo siri ya hit, muulize genge ilitoka wapi. Calif Records ilichukua jina kutoka mtaa wa California, hapa hapa Eastlands, na sidhani kuna mtu aliyekuwa akisikiliza Jua Cali kwa matatu aliwahi kuuliza ni preampu gani.

Nikaenda Luthuli. Duka la kwanza jamaa ananiuliza, "Unamnunulia boyfriend?" Nikamwambia nanunulia mathe. Hakuelewa na sikumweleza. Akanionyesha miksa yenye njia nane na USB, ati nitakuwa nimemaliza shida zote. Nikamuuliza, nikirekodi watu wanne, laptopu itanipa njia nne tofauti ama itanichanganyia zote kwa mbili? Akaangalia mwenzake. Ndio mjue: miksa nyingi ndogo za USB zinatuma mchanganyiko tu, kushoto na kulia. Ukikosea sauti ya mtu mmoja huwezi kumrekebisha peke yake. Matundu nane kwa macho, mawili kwa laptopu.

Duka la pili walikuwa na Solo mpya na bei ilikuwa imenipita. Duka la tatu hawakutaka nijaribu kitu. "Ukifungua umenunua." Nikatoka. Hapo nilijivunia sana, kwa sababu yule msichana wa makofi angekuwa ameshalipa.

Mwishowe nikapata jamaa Roysambu anauza Solo, toleo la tatu, ametumia mwaka na kitu. Alitaka 13,500. Nilienda na binamu, na laptopu, na kebo ya XLR niliyonunua njiani kwa 900, na ile ile maiki ya kiboksi cha taa, kwa sababu sikuwa na ingine. Mwenyewe aliiona akatabasamu, lakini alikuwa mpole.

Hii sehemu isome polepole kama unaenda kununua ya mkono wa pili. Kwanza, nilichomeka USB nikaitikisa pale inapoingia, kidogo tu. Ikikatika, toka. Pili, nikazungusha kila kitufe huku nikisikiliza. Kitufe kikikwaruza kama redio inatafutwa stesheni, kuna vumbi ama kimechoka, na hiyo ni ya kupunguzia bei. Tatu, hedifoni, masikio yote mawili. Nne, nikawasha 48V, nikangoja kidogo, nikaongea hadi ile duara ya taa ikawa kijani bila kugusa nyekundu. Halafu ya tano, na hii ndiyo yenyewe: nikawaomba wote wanyamaze, nikarekodi kimya. Nusu dakika ya kimya. Kisha nikapandisha sauti nikasikiliza kile kimya.

Mvua haikuwa imeisha. Ilikuwa imebaki manyunyu. Nikamwangalia binamu, naye alikuwa ameshika upande mmoja wa hedifoni, akasema tu, "Eeh."

Maiki ile ile. Ile niliyokuwa nimeitukana miezi mitatu. Shida haikuwa yote kwake. Ilikuwa inalishwa kupitia kapini kadogo ka hedifoni za simu badala ya XLR na volti 48. Kwa hivyo kama uko na hizo maiki za kondensa za bei ya chini, usiitupe bado. Ipe chakula kwanza.

Kwa sababu ya kitufe kimoja kilichokwaruza tukakubaliana 11,000. Zile programu za bure zinazokuja na saundkadi mpya nilijua sitazipata, mara nyingi mwenye kwanza huwa ameshazichukua. Sikujali. 2,300 nikanunua hedifoni za kufunika masikio, kwa sababu hizo za simu ndizo zilinidanganya mara ya kwanza. Fare na chai ya binamu ikala mia tatu. Mia tano iliyobaki nikarudisha kwa mathe usiku huo huo. Akaichukua, akaihesabu ingawa ilikuwa noti moja, akaiweka kwa leso.

Sasa studio yangu. Msicheke. Mathe huweka makoti ya baridi kwa nyumba, yale hayajanunuliwa, anangoja Juni na Julai. Nilifunga kamba kona moja ya chumba, nikatundika makoti kwa pande tatu, maiki katikati. Ukuta wa mawe unarudisha sauti kama bafu, lakini koti zito la Ulaya linaimeza. Kuna watu wananiandikia wakiuliza bei ya zile sponji za ukutani. Nunua blanketi. Ama jua mtu anauza mitumba.

Bado kulikuwa na mlio mwingine, "zzzzz" ya chini. Nikadhani nimeuziwa mbaya, moyo ukaanza kwenda mbio, nikafikiria zile blauzi tano zikikunjwa. Halafu stima ikapotea. Mnajua vile inapotea, mtaa mzima unapiga kelele "aaai!" mara moja, halafu kimya. Laptopu ikabaki kwa betri. Na mlio ukawa umeenda. Ilikuwa chaja. Stima yetu ni ya hezi 50 na ule mlio unapitia chaja ya laptopu hadi kwa USB. Tangu siku hiyo narekodi nikiwa nimechomoa chaja, na saundkadi ya USB haihitaji stima yake, inakula kwa laptopu.

Sasa zingatia jambo lingine. Stima ikipotea, kinyozi hapa chini anazima mahewa. Runinga ya ghorofa ya juu inazima. Friji zote za ploti zinazima. Hiyo ndiyo studio bora Nairobi na ni ya bure, mpaka mtu awashe jenereta. Siku hizi stima ikienda watu wanalia, mimi naruka kwa makoti.

Kazi ya kwanza iliyonilipa na hii saundkadi haikuwa wimbo. Mathe alikuwa anapoteza sauti. Gikomba ukinyamaza umekufa njaa, na koo lake lilikuwa limeanza kukwaruza kama kile kitufe. Akaniambia, "Si unirekodi wewe na hiyo mashine yako." Akasimama kati ya makoti yake mwenyewe, nikamwekea hedifoni, akajisikia mara ya kwanza. Akashtuka, akauliza, "Huyu ni mimi?" Halafu akaanza: blauzi ni mia, mia, chagua upendezwe, kamera ziko chini, inama uchague. Dakika mbili. Nikasafisha, nikaweka kwa flashi, ikaingia kwa ile spika ya kushikwa mkononi. Sasa inaita yenyewe kutoka asubuhi na yeye anakunywa chai.

Najua, ile spika haijali biti 24. Ingerekodiwa kwa simu ingetosha. Nilimwambia hivyo hata. Akasema hapana, ya simu ya jirani inasikika kama mtu ameshikwa shingo, yake inasikika kama mtu. Na wenzake wakasikia. Wa mashuka akaja, halafu wa nguo za watoto, halafu wawili wa suruali ambao hawaongeleshani na kila mmoja alitaka yake iwe na nguvu kuliko ya mwenzake. Mia tano kila mtu. Wamama watatu walitaka biti nyuma, hao nikawalipisha mia nane.

Nimerudisha 8,500 kufikia leo. Deni la karo liko pale pale, halijasonga hata shilingi, na mathe bado husema nimepumzika. Nilimsikia juzi akimwambia mteja, "Huyu ndiye wangu, amepumzika kidogo, ndiye alirekodi hii." Sikuwa na la kusema. Sijui kama nitarudi. Barua ya chuo bado iko ndani ya lile daftari, kurasa chache kabla ya preampu.

Yule mzee wa benga amekubali lakini amesema atakuja tu kama kutakuwa na chai ya maziwa. Na Jumamosi narekodi mzee wa viatu vya ngozi. Sauti yake imeisha kabisa, kwa hivyo atakuja na binti yake wa darasa la sita aite kwa niaba yake. Kama stima itapotea kati ya saa tisa na saa kumi na moja mtakuwa mmenisaidia sana kuomba.